Mgonjwa Aliyenishika Kichwa

Naomba mnisamehe mapema kwa mwandiko, na kwa herufi zitakazokuwa zimekosewa. Niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza kunakili ubaoni. Mwalimu alikuwa anafuta huku mimi bado niko mstari wa tatu. Ukurasa huu wa kwanza peke yake umenichukua Jumamosi nzima. Dada yangu ameahidi kupitia herufi, lakini amesema maneno hatayagusa, kwa hiyo pasipoeleweka ni pangu mwenyewe. Na sehemu hizo zipo, kwa sababu ninayoyasimulia hata mimi sijayaelewa vizuri.

Mimi ni mpagazi. Nabeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Meru. Mgeni akiumia huko juu hushushwa kwa machela, ambayo ni kitanda cha chuma chenye gurudumu moja kubwa chini, na watu sita wanakishika pande zote kisipinduke. Mara mbili niliitwa kusaidia kushika kwa sababu mtu mmoja wa kikosi alikuwa anaumwa. Kiongozi wa kikosi cha machela alinitazama mara ya pili tulipofika chini, akasema, "Wewe dogo huongei, lakini pia huyumbi." Nilifurahi siku tatu kwa neno hilo.

Kisha akaniambia kuna nafasi moja itakuwa wazi mvua za masika zikiisha. Lakini kila mtu wa kikosi lazima awe na cheti cha huduma ya dharura. Kulikuwa na kijana mwingine kutoka upande wa Tengeru ambaye cheti alikuwa nacho tayari. "Nakusubiri wewe mpaka mvua ziishe," kiongozi alisema. "Zikiisha huna cheti, namchukua mwenzako. Usije ukanilaumu."

Basi nikajiandikisha kwenye mafunzo. Yalikuwa wiki tano, kwenye ukumbi mmoja Elerai. Tulikuwa kumi na wanane, wengine madereva wa gari la wagonjwa, wengine walinzi wa hoteli, na dada wawili waliokuwa wanasoma mambo ya utalii. Wote walikuwa wamefika sekondari isipokuwa mimi. Nilikaa nyuma karibu na dirisha, na jioni nilikuwa nanakili upya kila kitu nyumbani, polepole, mpaka kila hatua nikaijua kwa mpangilio wake. Angalia kwanza kama mahali ni salama. Vaa glovu. Mgonge mgonjwa mabegani, muite kwa sauti kubwa uone kama anaitikia. Asipoitikia, piga kelele uletewe msaada. Rudisha kichwa chake nyuma, inua kidevu, njia ya hewa ifunguke. Tazama pumzi kwa sekunde kumi. Kama hapumui, anza kubonyeza kifua.

Mtihani wa karatasi nilifaulu, ingawa kwa shida. Ulikuwa wa kuchagua herufi, na kwa kuchagua herufi mtu hahitaji mwandiko.

Mtihani wa vitendo ndio ulioniangusha.

Kwa kawaida tulikuwa tunajifunzia kwa mdoli, mtu wa plastiki asiye na miguu. Siku mbili kabla ya mtihani dereva mmoja alimbonyeza kwa nguvu mno, springi ikachomoka kifuani, akapelekwa kutengenezwa. Msimamizi wa mtihani alikuwa mama mmoja aliyetoka mkoa mwingine, mwenye miwani na haraka nyingi. Akasema hakuna shida, atatumia mtu. Kubonyeza kifua tungeonyesha kwa mikono juu juu bila kugusa, mengine yote tungefanya kweli. Akatafuta nani yupo bila kazi, akampata mlinzi wa getini.

Yule mlinzi lazima nimweleze. Ni mzee wa kwetu, upande wa Ngaramtoni, na ni rika moja na baba yangu. Juu ya koti lake la ulinzi huvaa shuka. Kwetu, mtoto akikutana na mzee wa rika la baba yake huinamisha kichwa, na mzee huweka kiganja juu ya kichwa hicho. Hapo ndipo salamu imekamilika. Kijana aliyekwisha kutahiriwa anatakiwa kuacha, awe anapeana mkono kama mtu mzima. Wenzangu waliacha. Mimi sikuweza kuacha. Nikimwona mzee shingo inainama yenyewe, na nikishainama naona aibu kuinuka bila kuguswa. Vijana wa kwetu hunicheka. "Wewe bado layoni?" huniuliza, maana yake mvulana ambaye hajavuka. Yule mzee hakunicheka. Kila asubuhi ya wiki zile tano nilipita getini, nikainama, akaniwekea mkono, nikaingia darasani.

Zamu yangu ilipofika, msimamizi alisoma kwenye karatasi yake: "Umemkuta mtu amelala njiani. Anza."

Nikatazama kushoto na kulia, nikasema mahali ni salama. Nikavaa glovu. Nikapiga magoti karibu na bega lake. Mzee alikuwa amelala chali juu ya mkeka, macho yamefumbwa, shuka limekunjwa vizuri pembeni. Nilinyoosha mikono nimgonge mabega. Na hapo, sijui nisemeje, shingo ikainama.

Mzee alikuwa amefumba macho. Labda alifumbua kidogo, labda alisikia tu pumzi yangu. Mkono wake ukainuka kutoka kwenye mkeka, taratibu, ukanitua kichwani.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nafikiri. Nilifundishwa kwamba mgonjwa akiitikia kwa namna yoyote, hata kwa kusogeza mkono, basi ana fahamu, na hatua zinabadilika: unamuuliza ameumia wapi. Kwa hiyo nikasema, "Shikamoo mzee. Umeumia wapi?"

"Marahaba mwanangu," akajibu kwa sauti ya chini, macho bado yamefumbwa. "Sijaumia."

Msimamizi alivua miwani. Akaandika kitu, akaniambia nitoke.

Majibu yalibandikwa mlangoni alasiri hiyo. Mimi peke yangu nilipata sapu, yaani kurudia. Kurudia ni mara moja tu, baada ya wiki tatu. Ukishindwa tena unaanza mafunzo yote mwanzo, na wakati huo mvua zingekuwa zimekwisha na nafasi ina mwenyewe.

Nilijikaza nikamfuata msimamizi kabla hajaondoka. Sijawahi kumfuata mtu mkubwa kumuuliza jambo, lakini nilikuwa sielewi.

"Mwalimu, samahani. Nimekosa hatua gani?"

"Hatua ya tatu na kuendelea. Mgonjwa hana fahamu, wewe unamsalimia."

"Lakini alinijibu, mwalimu."

"Hakutakiwa kukujibu."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini alinijibu."

Nadhani aliona kwamba simfanyii jeuri. "Kijana wangu," akasema, "mgonjwa wa mtihani yuko kwenye karatasi hii. Yule pale ni wa kushika nafasi yake tu. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Sikuelewa. Wiki tano nilifundishwa nimtazame mgonjwa, nisisikilize watu pembeni wanasema nini. Nilimtazama, akaonekana mzima, na kweli alikuwa mzima. Niliporudi nyumbani niliandika kwenye daftari, "Mgonjwa yuko kwenye karatasi," nikaitazama sentensi hiyo hadi nikapigiwa kelele na dada yangu nikalete maji.

Kila niliyemuuliza alinipa jibu lake. Dereva aliyevunja mdoli alisema, "Broo, wewe ungempiga tu yule mzee mabegani hata kama anakuangalia. Mtihani ni maigizo." Mwalimu wetu wa kila siku alisema kosa ni la mzee, ila alama haziwezi kubadilishwa. Mmoja wa wale dada alisema kosa ni la kuinama, na kwamba kama nisingeinama mzee angelala mpaka kesho. Nilipomsimulia kiongozi wa kikosi hakusema kosa ni la nani. Aliuliza tu, "Mvua unaziona lakini?"

Mzee mwenyewe aliniita getini siku ya pili. Alikuwa na uso wa mtu aliyevunja kitu cha watu.

"Mkono ulikwenda wenyewe," alisema.

"Najua, mzee. Hata shingo ilikwenda yenyewe."

"Sasa tunafanyaje?"

Yeye ndiye aliyetoa wazo la kufanya mazoezi. Alasiri, akishabadilishana zamu na mlinzi mwenzake, angelala kwenye majani nje ya geti, na mimi ningemfanyia hatua zote. Alisema sote wawili tulifeli, kwa hiyo sote turudie.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Nilikuwa nikikaribia tu, kichwa kinaanza kwenda chini. "Inuka! Nimekufa mimi, usinisalimie!" anafoka bila kufumbua macho. Halafu anakumbuka kwamba mfu hafoki, tunaanza upya. Kumgonga mabega niliweza siku ya tatu. Kumwita kwa sauti nilishindwa kabisa, nilikuwa namnong'oneza. "Unaniita au unanisengenya?" akaniuliza. Kumshika kichwa nikirudishe nyuma ndiko kulikonichukua wiki nzima. Nilikuwa naweka kiganja hewani juu ya paji la uso wake, na kinabaki hapo. Mkono wake ndio hukaa juu ya kichwa changu, leo wangu ukae juu ya chake. Nilimwomba radhi kila mara kabla ya kuanza.

"Radhi unayo," alisema. "Nimekupa jana, nimekupa juzi. Nikishalala usiniulize tena, nitakujibu nini?"

Kwenye mafunzo tuliambiwa kwamba mtu mwenye fahamu unamwomba ruhusa umguse, na asiye na fahamu anahesabiwa amekubali. Niliandika hivyo na kwenye mtihani wa karatasi nilichagua herufi sahihi. Lakini nani amehesabu kwamba amekubali? Sikumpata wa kumuuliza bila kuonekana mbishi.

Wiki ya pili ilipoisha nilikuwa nimeanza kuweza. Na mzee naye alikuwa ameweza. Alikuwa ameapa kwamba hata nyuki akimtua puani hatatikisika mpaka mimi niseme "nimemaliza". Alijivunia sana hilo.

Siku hiyo ilikuwa saa tisa, jua limetoka baada ya mvua. Nilikagua mahali, nikavaa glovu, nikapiga magoti, na kwa mara ya kwanza sauti ilitoka yote. "Mzee! Unanisikia? Mzee! Fumbua macho!" Nikampiga mabegani kwa viganja viwili. Nikajisikia vizuri. Nikapaza sauti tena.

"Wewe! Wewe kijana! Unampiga mzee wa watu?"

Alikuwa mama anayeuza parachichi ng'ambo ya barabara. Alishatua beseni lake na anakuja. Nyuma yake bodaboda wawili walishazima pikipiki.

"Simpigi, mama, ni—"

"Simpigi nini, nimekuona kwa macho yangu! Na glovu kavaa! Mwangalieni, kavaa na glovu!"

"Dogo, umemfanya nini mzee?" bodaboda mmoja alinishika ukosi. "Mbona haamki?"

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa machache tu, kwamba ni mazoezi, muulizeni mwenyewe. Lakini mimi watu wakinitazama zaidi ya wawili ulimi unakuwa mzito, na walishafika kumi. Nilimtazama mzee anisaidie. Mzee alikuwa amelala kimya, mdomo wazi kidogo, kama nilivyomwomba awe. Sikuwa nimesema "nimemaliza".

"Mzee kafa!" mtu akasema.

"Hajafa, anapumua, angalia tumbo."

"Anapumua kwa mbali huyo. Mwiteni mwenyekiti wa mtaa. Na huyu asikimbie."

"Nimemaliza," nikasema.

"Ee? Umesikia? Anasema amemaliza! Anakiri!"

Sauti yangu ilikuwa ndogo, na watu walikuwa wamesimama kati yetu. Mama wa parachichi alikwishapiga magoti mahali pangu, anampepea mzee kwa kanga, anamwita baba, baba, huku akilia kweli. Ilibidi nivute pumzi na kupiga kelele juu ya vichwa vya watu wote: "MZEE, NIMEMALIZA!"

Mzee akaketi. Watu wakaruka nyuma. Akajifunga shuka, akatazama umati, akaniuliza mimi, "Nimetikisika?"

"Hapana mzee."

"Safi."

Walicheka baadaye, wengine. Bodaboda alininyoosha ukosi akasema samahani dogo, tulijua kibaka. Mama wa parachichi hakucheka. Alimwambia mzee maneno makali kuhusu watu wazima wanaocheza na kifo, akachukua beseni lake akaondoka. Nami nilimwona ana haki. Lakini pia nilijiuliza jambo ambalo bado linanisumbua: watu kumi walimwona mzee amelala haamki, na hakuna aliyemshika kichwa kumfungulia njia ya hewa. Walinishika mimi.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Baba alikuwa zizini. Baba yangu si mtu wa maneno mengi, nadhani nimerithi kwake.

"Nasikia umemshika mzee kichwa," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, baba."

"Kwa mikono miwili?"

"Mmoja kwenye paji, mmoja kwenye kidevu. Ndivyo inavyotakiwa."

"Alikuruhusu?"

"Aliniruhusu kabla hajazimia."

"Kabla hajazimia," baba alirudia. Mabega yake yakatikisika kidogo. Sikuona uso wake, kwa hiyo sijui kama alikuwa anacheka au vipi. Baada ya kumfunga ndama alisema, "Mimi ukinikuta nimelala njiani, mwite kaka yako." Akaingia ndani.

Nilimuuliza mama kama baba amekasirika. Mama alisema hajakasirika. Baadaye akasema, "Au sijui." Kaka yangu ni fundi seremala, hajui hata kufunga bandeji.

Wiki ya mwisho sikufanya mazoezi ya nje. Mlinzi mwenzake mzee alituruhusu tufanyie kibandani, mlango umefungwa. Nilikuwa tayari. Nilikuwa tayari kwa mzee yule, kwa uso wake, kwa shuka lake. Nilishajua ni sehemu gani ya paji la uso kiganja kinakaa vizuri. Usiku wa kuamkia mtihani nililala usingizi mzito, jambo ambalo si kawaida yangu.

Asubuhi msimamizi ni yule yule mama, na karatasi ni ile ile. Mzee alikwishakaa kwenye benchi la mlangoni, amevua koti, anasubiri kulazwa. Lakini juu ya mkeka alikuwapo mdoli. Alikuwa ametengenezwa, kifua kipya, amefutwa vumbi, anatazama dari.

"Umemkuta mtu amelala njiani," msimamizi akasoma. "Anza."

Nilifanya yote. Sikuinama hata kidogo, kwa nini niinamie plastiki. Nilimgonga, nilimwita mpaka madirisha yakaitika, nilirudisha kichwa nyuma kikalia klak, nilihesabu sekunde kumi, nilibonyeza thelathini na kupuliza mara mbili. Msimamizi alikuwa anaweka tiki moja moja kwenye karatasi bila kunitazama. Alipomaliza akasema, "Vizuri. Umefaulu."

Nilibaki pale nimepiga magoti.

"Kijana, umefaulu. Unaweza kwenda."

"Mwalimu, naomba nifanye na kwa mtu. Yupo mlangoni, yuko tayari."

"Kwa nini? Umeshafaulu."

Sikujua kwa nini. Nilisema, "Ili nijue."

"Ujue nini?" aliuliza, akatazama saa yake. "Toka, mwanangu, kuna darasa lingine linaingia."

Mzee alinipa mkono pale mlangoni, kama mtu mzima kwa mtu mzima. Nilimwona amefurahi na amehuzunika kwa pamoja. Alikuwa amejiandaa kulala vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kulala kwenye mtihani, na hakulazwa.

Mvua ziliisha na nafasi nikapewa. Nimeshashuka na machela mara moja kama mtu wa kikosi. Mgonjwa alikuwa mgeni kijana aliyeteguka kifundo cha mguu. Njia nzima alikuwa akiongea, na alijibu hata nisiyomuuliza, kwa hiyo hakunisaidia kujua lolote. Kiongozi ameridhika. Yule mwenzangu wa Tengeru tunasalimiana vizuri. Cheti dada amekitia kwenye mfuko wa nailoni na kukiweka kabatini, na baba alikisoma chote, mbele na nyuma, akakirudisha humo.

Lakini mimi nikitembea sasa nawatazama wazee. Mzee anayengoja dukani, mzee aliyesinzia kanisani. Najiuliza kama akidondoka sasa hivi, mkono wangu utafika kichwani kwake, au shingo itatangulia. Cheti kinasema utafika. Kilipatikana kwa mtu wa plastiki.

Kwa hiyo ninawaomba ninyi mnaosoma. Kama umewahi kumshika kichwa mzee wako hali hajui kwamba unamshika, baba au babu, au hata mtu usiyemfahamu, niandikie uniambie ulianzaje, na yeye alipozinduka alikwambia nini. Kama kwenu huwa hamuinami, niandikie pia, nijue kama kwenu ni rahisi. Usijali mwandiko wako. Nitasoma polepole, lakini nitasoma yote, na nitakujibu.